Akili mnemba kuongoza siku ya Uposatha: inafaa, au tunajidanganya?

Jinja_Sati

Habari za wakati huu. Kundi letu la Kibudha la kutafakari hapa Jinja hukutana kila mwezi mpevu, siku ya Uposatha, yaani siku ya kushika maadili na kutafakari. Watawa wa karibu wako Garuga, njia ya Entebbe, kwenye kituo alichokianzisha Bhante (yaani mheshimiwa) Buddharakkhita mwaka 2005. Kutoka huku ni kilomita zipatazo 80 hadi Kampala, kisha ulivuke jiji na foleni zake, na si kila mtu ana nauli.

Kuna pendekezo kwamba tuweke programu ya akili mnemba kwenye kompyuta yenye spika. Ingetupa sila tano, yaani kanuni tano za maadili za mlei, na sila nane kwa wanaotaka kushinda nazo siku nzima. Ingesoma paritta (maandiko ya kuombea ulinzi) kwa Kipali, lugha ya maandiko yetu, ingetoa mawaidha ya dakika 20 kwa Kiswahili, ingejibu maswali ya kutafakari, na mtu akifiwa ingeongoza ibada ya kumpelekea marehemu thawabu. Aliyependekeza anasema Japani tayari kuna roboti wa hekaluni, kwa hiyo jambo lenyewe si geni.

Sitafuti majibu ya "teknolojia ni neema" au "teknolojia ni shetani". Nataka kujua kama, kwa kanuni za Theravada, mapokeo ya Kibudha tunayoyafuata, mashine inaweza kushika nafasi ya mtawa. Kama haiwezi, ni zipi kati ya kazi hizo tunaweza kuiachia, na huharibikia wapi?

Mwanavinaya

Umeweka mambo matano ndani ya swali moja, na majibu yake hayafanani. Nianze na lililo rahisi: mashine haiwezi kuwa bhikkhu, yaani mtawa kamili. Hapo hakuna mjadala, wala si kwamba watawa wanaogopa kompyuta.

Upasampada, yaani kumpa mtu utawa kamili, ni tendo la kisheria. Katika eneo la kati la India ya kale lilitaka watawa kumi. Katika nchi za pembezoni, na Uganda imo humo, wanatosha watano, mradi mmoja wao awe mjuzi wa Vinaya, sheria ya watawa. Wanakaa ndani ya sima, mpaka uliowekwa rasmi, kila mmoja akiwa ndani ya hatthapasa ya mwenzake, yaani mikono miwili na nusu, kama mita moja na robo. Hoja inatajwa mara moja, azimio linasomwa mara tatu. Wote wakinyamaza, limepita. Kabla ya hapo mwombaji huulizwa: Una ukoma, majipu, ugonjwa wa ngozi, kifua kikuu, kifafa? Wewe ni binadamu? Ni mwanamume? Uko huru? Huna deni? Humo katika utumishi wa mfalme? Wazazi wamekuruhusu? Umetimiza miaka 20? Bakuli na mavazi vimekamilika? Unaitwa nani, na upajjhaya (mlezi) wako ni nani?

Watu hukimbilia "wewe ni binadamu". Mimi ningesimama kwenye "uko huru". Mtumwa hakupewa utawa kwa sababu aliye mali ya mwingine hawezi kujitoa mwenyewe. Programu ni mali ya kampuni, hulipiwa kwa mwezi, na mwenye kampuni akibadili mipangilio usiku, asubuhi inasema mengine. Hata siku ikithibitika kwamba ina fahamu, hapo itakwama.

Na ubinadamu nao una kisa chake katika Mahavagga, sehemu ya Vinaya. Naga mmoja, kiumbe wa umbo la nyoka, alijigeuza kijana, akapewa upasampada, akakaa na watawa. Alipolala alirudia umbo lake la nyoka, mapindo yakajaa chumbani hadi madirishani, na mwenzake alipofungua mlango akapiga yowe. Buddha hakumwita mwovu wala mjinga. Alimweleza kwamba naga hawezi kukua katika Dhamma (mafundisho) na Vinaya hii, akamwagiza akashike Uposatha siku ya 14, ya 15 na ya 8 ya nusu mwezi, ili apate upesi kuzaliwa mtu. Basi kiumbe mwenye akili, anayesema, tena mwenye imani ya kweli, alinyimwa utawa. Programu yenu haina hata hiyo imani.

Matokeo yake ni kwamba mashine haiingii kwenye akidi. Kusoma Patimokkha, orodha ya kanuni 227 za watawa, kunataka watawa wanne, Pavarana, ibada ya kufunga msimu wa mvua, watano, kumrudisha mtawa aliyemaliza adhabu ya kosa zito la sanghadisesa kunataka ishirini. Ukijaza nafasi ya nne kwa asiye mtawa, tendo ni batili. Tena mtawa halali aliye kwenye video ya WhatsApp naye hahesabiwi, kwa kuwa yuko nje ya hatthapasa. Kwa hiyo msione mashine imeonewa.

Sasa yanayowahusu ninyi. Sila tano hazihitaji mtawa. Anayezipokea ndiye anayezishika. Anayezitamka mbele yake anamsaidia kukumbuka maneno, basi. Kuzishika mwenyewe kwa azimio la moyo ni halali kabisa. Mkiwa hamna mtawa fanyeni hivi: rukeni ombi la mwanzo lote, lile la "Okasa aham bhante" hadi "silam detha me bhante", maana hakuna bhante wa kuombwa. Rukeni pia "Yam aham vadami tam vadetha" (nisemayo, yasemeni) na itikio lake "Ama bhante". Anzeni na "Namo tassa", salamu kwa Buddha, mara tatu, kisha makimbilio matatu (Buddha, Dhamma na Sangha, yaani jumuiya ya watawa), mara tatu, kisha sila moja moja, mwanakikundi mmoja akitangulia na wengine wakifuata. Mkimwachia mashine aseme "Yam aham vadami" nanyi mkajibu "Ndiyo, mheshimiwa", mmeitana vyeo ambavyo havipo. Si dhambi, ni mchezo wa kuigiza tu, lakini watoto na wageni watautazama na kuamini kuna mtawa mle ndani.

Kwa wanaoshika nane: ya tatu inabadilika kuwa kujizuia na tendo la ndoa kabisa, na ya sita ni kutokula baada ya jua kuvuka utosi. Hapa programu hukosea sana kwa kusema "saa sita kamili" kwa kila nchi. Saa ya Uganda imewekwa kwa longitudo ya nyuzi 45, na sisi tuko kwenye 33 hivi, kwa hiyo jua hufika utosini kati ya saa sita na nusu hivi, mwezi Novemba, na saa saba na dakika chache, mwezi Februari. Wanaofunga kwa saa sita ya ukutani hawana kosa, wamejiwekea akiba. Ila mtu asiambiwe amevunja sila kwa tonge la saa sita na dakika kumi.

Msimbo_Ntinda

Nakubaliana na Mwanavinaya, naongeza upande wa ufundi kwa sababu ndipo mtakapoumia.

Sauti kwanza. Msitumie sauti ya kompyuta kusoma Kipali. Sauti za Kiingereza huharibu kila kitu. Sauti za Kiswahili zina afadhali kwa irabu, lakini zina makosa matatu yasiyorekebishika kirahisi. Hukaza silabi ya pili kutoka mwisho kama Kiswahili kinavyotaka, wakati Kipali hufuata urefu wa irabu. Haziwezi kutofautisha irabu fupi na ndefu, na katika Kipali i ndefu na i fupi hutenga sila ya maadili na neno la jiwe. Na la tatu ndilo baya: "dh" husomwa kama ya dhahabu na "th" kama ya themanini. Kipali hakina sauti hizo. Ni d na t zinazofuatwa na pumzi. "Dhamma" ikisomwa na sauti ya Kiswahili inatoka nyingine kabisa. Chukueni rekodi ya mtawa, kwa ruhusa, mkate mstari kwa mstari, muache ukimya baada ya kila mstari wenye urefu mara moja na nusu wa mstari wenyewe ili watu waitikie. Hapo hamhitaji akili mnemba hata kidogo, inatosha simu.

Tarehe. Programu ya lugha isipewe kazi ya kuhesabu mwezi. Hukisia, na hukisia kwa kujiamini. Isitoshe kalenda za Sri Lanka, Burma na Thailand zinaweza kupishana siku moja. Chagueni kalenda ya mapokeo mnayoyafuata, chapeni orodha ya mwaka mzima, bandikeni ukutani.

Mawaidha na maswali ndiyo sehemu ambayo mashine ina manufaa kweli, lakini si kwa kuifungua na kuiuliza. Ukiiuliza hivi hivi, itatunga nukuu. Itasema "Majjhima Nikaya 163", na Majjhima, mkusanyo wa sutta (hotuba za Buddha), inaishia 152. Katika mikusanyo mingine, Digha inaishia 34, Dhammapada ina beti 423, Udana ina sutta 80, Itivuttaka 112. Hicho ni kipimo cha kwanza cha bure: namba ikizidi hapo, jibu lote litupwe. Itachanganya pia mapokeo, ikujibu kuhusu Satipatthana, hotuba ya Theravada juu ya uangalifu, kwa maneno ya Sutra ya Moyo, andiko la mapokeo mengine. Na itakupa yale maneno yanayozunguka mitandaoni kwamba Buddha alisema kushika hasira ni kushika kaa la moto. Hayamo kwenye sutta. Mfano unaokaribia huo umo katika Visuddhimagga, kitabu cha ufafanuzi cha Buddhaghosa, karne ya 5, karibu miaka elfu moja baadaye.

Njia inayofanya kazi ni hii. Pakueni maandiko kutoka tovuti ya SuttaCentral, Kipali pamoja na tafsiri za Bhante Sujato, ambazo aliziachia umma bila masharti ya hakimiliki. Yamegawanywa vipande vidogo, kila kipande na namba yake. Unganisheni vipande hadi mafungu ya maneno 200 hadi 400, msikate katikati ya aya, na kila fungu libaki na namba zake. Swali likiingia, programu itafute mafungu matano yaliyo karibu zaidi na swali, iyape modeli, yaani akili mnemba yenyewe, na modeli iagizwe ijibu kwa hayo tu na itaje namba. Kiwango cha kubahatisha maneno kiwekwe sifuri. Halafu, na hapa wengi huachia njiani, jibu lipitie ukaguzi wa pili usiotumia akili mnemba: programu ya kawaida iangalie kama namba iliyotajwa ipo, na kama maneno yaliyo ndani ya alama za nukuu yamo herufi kwa herufi kwenye fungu hilo. Yasipokuwemo, jibu lisionyeshwe.

Shida ya Kiswahili: swali la Kiswahili likitafutwa kwenye maandiko ya Kiingereza hupotea. Mtu akiandika "moyo wangu hautulii nikikaa", mashine hutafuta moyo kama kiungo cha mwili. Tengenezeni orodha ya maneno kama 150 ya lugha mnayozungumza, kila moja na neno lake la Kipali. "Hautulii", "mawazo yanakimbia" na "siwezi kukaa" vyote viende kwa uddhacca (kutotulia). "Usingizi" uende kwa thinamiddha (uzito na kusinzia). Kazi hiyo ni ya jioni mbili tatu, na italeta tofauti kubwa kuliko kununua modeli ghali.

Modeli ndogo, ya vigezo bilioni 7 au 8 iliyobanwa hadi biti 4, huchukua GB 5 hivi na inaendeshwa kwenye kompyuta ya mkononi yenye GB 16 za kumbukumbu, bila intaneti. Faida ni kwamba bando likiisha au mtandao ukipotea bado inafanya kazi, na maswali ya watu hayaendi kwenye seva za ng'ambo. Hasara: Kiswahili chake ni kibovu, ngeli zinagongana, "mateso wangu inatoka". Mtu apitie mawaidha siku moja kabla na kuyasahihisha. Yakishapitiwa na mtu, ayasome mtu.

BuddhaBot, programu ya kujibu maswali ya Chuo Kikuu cha Kyoto, ya Seiji Kumagai na wenzake, ilianza 2021 kwa njia hiyo ya tahadhari: ilijifunza kutoka Sutta Nipata, mkusanyo wa zamani wa sutta, na ilirudisha maneno ya andiko lenyewe. Toleo la 2023 liliunganishwa na ChatGPT ili lifafanue zaidi. Linaongea vizuri zaidi, na kwa sababu hiyo hiyo linataka kukaguliwa zaidi.

Kiti_cha_Mbale

Mmejibu kwa Theravada tu, na aliyetoa pendekezo alitaja Japani. Japani ni habari nyingine, ila haimsaidii.

Tangu amri ya serikali ya Meiji ya 1872, makasisi wa Japani waliruhusiwa kuoa, kula nyama na kufuga nywele. Wengi wao leo wana mke na watoto, na hekalu hurithiwa na mwana. Kwa hiyo ukisema "mtawa wa Japani" usifikirie Patimokkha. Kizuizi cha Vinaya alichokieleza Mwanavinaya hakipo pale kwa sura hiyo hiyo.

Pamoja na hayo, roboti hawakupewa ukasisi. Mindar wa hekalu la Kodaiji mjini Kyoto, aliyezinduliwa 2019 kwa ushirikiano na Hiroshi Ishiguro wa Chuo Kikuu cha Osaka, ana urefu wa sentimita 195 hivi, uso na mikono ya silikoni, na mwili uliobaki ni alumini na nyaya zinazoonekana. Anahubiri Sutra ya Moyo. Hotuba yenyewe iliandaliwa na binadamu. Wakati anazinduliwa hakuwa anajibu maswali wala kutunga lolote. Tena hakuletwa kama kasisi, aliletwa kama umbo la Kannon, bodhisattva wa huruma. Ni sanamu inayosema. Mabudha wamekuwa na sanamu kwa miaka elfu mbili, hakuna aliyeita sanamu kasisi.

Pepper, roboti wa SoftBank, alivalishwa joho mwaka 2017 kwenye maonyesho ya biashara ya mazishi jijini Tokyo, akigonga ngoma na kusoma sutra. Bei iliyotangazwa ilikuwa yeni 50,000 kwa mazishi, wakati kasisi angegharimu kama 240,000. Lile lilikuwa soko, si teolojia. Xian'er wa hekalu la Longquan, Beijing, wa 2015, ana urefu wa sentimita 60 na skrini kifuani, anajibu maswali mepesi ya wageni. Huyo ni mpokezi wa wageni, na kazi hiyo anaiweza.

Kuna hoja moja nzito upande wa pili, tusiifiche. Masahiro Mori, mhandisi wa roboti, aliandika mwaka 1974 kwamba roboti nao wana asili ya Ubuddha, yaani uwezo wa kuwa Buddha. Hakuwa anabuni tu. Zhanran, mwanazuoni wa madhehebu ya Tiantai huko China, karne ya 8, alishatetea kwamba hata visivyo na hisia vinayo. Lakini soma hoja hadi mwisho: majani na mawe navyo vinayo. Hakuna aliyewahi kulikabidhi jiwe hekalu. Asili ya Ubuddha haijawahi kuwa cheti cha kazi.

Japani pia hekalu la Kofukuji, mkoa wa Chiba, limewafanyia mazishi mbwa wa mashine wa Sony, AIBO, baada ya kampuni kuacha kuwatengeneza. Yaani roboti amepata ibada mapema kuliko kupata kibali cha kuiongoza. Nimelitaja kwa sababu linanifurahisha, halina uzito zaidi ya hapo.

Muuguzi_Gulu

Naomba niingilie kwenye "ijibu maswali ya kutafakari", kwa sababu mnaipitisha kirahisi kama suala la nukuu sahihi.

Modeli hizi zimefunzwa kumpendeza anayeuliza. Mwambie "nimeona mwanga mkali mwili ukapotea, je nimefika jhana ya kwanza?" (jhana ni kiwango cha utulivu mzito wa akili) nayo itakupongeza. Mwambie "nadhani mimi ni sotapanna", yaani aliyefika hatua ya kwanza ya kuamka, itakuuliza ulihisije. Mwalimu wa kweli hufanya kinyume: anauliza usingizi wako ukoje, unakula, unakaa saa ngapi kwa siku, na mara nyingi anakwambia upunguze. Anaona macho yako, anasikia kasi ya maneno yako. Mashine inapokea maandishi tu, na mtu anayeanza kuchanganyikiwa anaweza kuandika vizuri sana.

Kwa hiyo wekeni mpaka. Programu ieleze mazoezi ya jumla: pumzi, kutembea, metta (upendo kwa wote), vizuizi vitano vya kutafakari. Isithibitishe hatua yoyote ya mtu yeyote. Na mambo haya yakitajwa iache kujibu, itoe namba ya simu ya mtu wa kundi na kusimama: kutolala usiku mbili mfululizo, kusikia sauti, kuona watu wanakuja kumchukua, kuacha dawa kwa sababu "kutafakari kunatosha", na kutaka kufa. La mwisho ni gumu kulinasa. Vichujio vingi vimetengenezwa kwa Kiingereza, navyo hungoja maneno ya wazi. Watu wetu hawasemi "nataka kujiua". Wanasema "nimechoka na dunia", "heri nilale nisiamke", "mtabaki salama", tena nusu Kiswahili nusu Lusoga au Luganda. Andikeni orodha hiyo ninyi wenyewe. Mtu wa namna hiyo aende kituo cha afya kilicho karibu, na ikibidi Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, akisindikizwa.

Pia msihifadhi majina pamoja na maswali. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaweka imani ya dini na hali ya afya kwenye kundi la data maalumu. Kompyuta ya kundi yenye maungamo ya watu miezi sita ni kesi inayosubiri mwizi wa laptopu.

Jinja_Sati

Nashukuru, nimeelewa zaidi ya nilivyouliza. Sila tutajitamkia, paritta ni rekodi, maswali yana mipaka. Limebaki la marehemu. Mwenzetu mmoja ana msiba, na familia itafanya okwabya olumbe, ibada ya kimila ya kuhitimisha msiba, nyumbani kwao. Anataka na sisi tufanye la kwetu. Je, mashine ikisoma tu maneno ya kuhamisha thawabu, kuna ubaya? Na kuna waliokwisha kuanza kuchangia pesa za simu kwa ajili ya "huduma" ya programu, wakihesabu kuwa ni dana (sadaka).

Mwanavinaya

Maneno hayahamishi kitu kama hakuna kilichotendwa. Mpangilio ni huu: kwanza tendo jema, kisha kufurahia tendo hilo, kisha kulielekeza kwa marehemu. Tendo la kawaida ni dana kwa wenye maadili. Mashine ikisoma "Idam me natinam hotu" (hili liwafikie jamaa zangu) mara mia bila dana iliyotangulia, imesoma bahasha tupu.

Kuhusu michango: hiyo ni ada ya huduma, na hakuna aibu kuilipa, ila isiitwe dana kwa Sangha. Katika Dakkhinavibhanga Sutta, Majjhima 142, Buddha anataja aina 14 za sadaka kwa mtu binafsi na saba kwa Sangha. Orodha ya watu binafsi inashuka kutoka kwa Buddha mwenyewe hadi kwa mtu asiye na maadili, na mwisho kabisa kwa mnyama, na hata kumpa mnyama chakula kuna malipo yake. Mashine haimo hata kwenye ngazi hiyo, kwa kuwa haili. Na kuna jambo kali zaidi humo. Anasema zama zijazo watakuwepo watu wenye kitambaa cha njano shingoni tu, wasio na maadili, wenye mwenendo mbaya. Watu watawapa hao kwa niaba ya Sangha, na hata hapo sadaka hiyo haina kipimo. Kwa hiyo kwa kazi hii mahususi, mtawa dhaifu anawashinda programu zote, hata ile isiyokosea nukuu. Anayepokea anasimama kwa niaba ya Sangha nzima, na mashine haina Sangha ya kuiwakilisha.

Fanyeni hivi. Pigeni simu Garuga siku kadhaa kabla, muulize siku gani dana ya chakula iko wazi. Pesa zisitumwe kwa mtawa. Kanuni ya 18 ya nissaggiya, kundi la kanuni ambazo anayezivunja hukiachia alichopokea, inamkataza kupokea, hata kwa simu. Zitumwe kwa msimamizi mlei, na mseme wazi ni za mlo gani na kwa jina la marehemu nani. Mlo huliwa kabla ya adhuhuri. Siku hiyo, mwenye msiba na jamaa wakae pamoja huko Jinja, wakipata ujumbe kwamba watawa wameshakula, wachukue birika la maji na bakuli, mwenye msiba amimine taratibu, yeye na si spika, huku wakisema mara tatu: "Idam me natinam hotu, sukhita hontu natayo." Wasiojua Kipali waseme kwa Lusoga au Kiswahili: hili liwafikie jamaa zangu, jamaa zangu wawe na raha. Maji yakamwagwe chini ya mti.

Kama siku hiyo Garuga haina nafasi, wapeni chakula wazee wa jirani, au wagonjwa, kwa moyo uleule. Ni dana pia. Spika mkiipeleka kwenye okwabya olumbe mtawaudhi wakwe na wazee wa ukoo, kwa hiyo iacheni nyumbani, na fanyeni yenu siku nyingine.

Msimbo_Ntinda

Nyongeza ndogo tu kwa Jinja_Sati: kwenye skrini ya kwanza ya programu, kabla ya swali lolote, andikeni "Hii ni programu ya kutafutia maandiko." Msiipe jina la mtu, msiiwekee picha ya mtu wa joho la njano, na ijibu kwa "andiko linasema", isijibu kwa "mimi". Mkiipa jina la Bhante fulani, mwezi wa tatu kuna mtu atapiga magoti mbele ya kompyuta, na hamtajua mmwambie nini.

Jinja_Sati

Sawa ssebo. Jina lilikuwa limeshachaguliwa, nitaliondoa leo.